Eti "si alikubali mwenyewe"

Kila ikitajwa ishu ya Rais Bill Clinton kuwa na uhusiano wa kimapenzi na Monica Lewinsky, binti wa kujitolea ofisini kwake, lazima mtu aseme "si alikubali mwenyewe", na hiyo kauli inanikera sana. Yaani Novemba 1995 rais wa Marekani ana miaka 49, binti ana 22, yuko White House, yaani ikulu, anajitolea tu, hana hata mshahara, serikali imefungwa kwa ugomvi wa bajeti na wafanyakazi wengi wako nyumbani, so hawa wa kujitolea ndo wanapokea simu jirani kabisa na ofisi ya mkubwa. Huyo wa miaka 22 angemkatalia vipi bosi wa mabosi wote? Lewinsky mwenyewe 2014 aliandika walikubaliana, ila 2018 akaandika ameanza kujiuliza kama kukubali kwenye mazingira yale kulikuwa na maana yoyote.

Halafu cheki nani alilipia. Aprili 1996 wakubwa wakaona binti anazungukazunguka sana karibu na rais, wakamhamishia Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi. Yeye ndo akahamishwa! Januari 1998 watu wa Kenneth Starr, mwendesha mashtaka maalum aliyekuwa anamchunguza Clinton, wakamdaka wakamweka chumba cha hoteli masaa kibao, na kwa maelezo yake wakamtishia jela miaka 27. Clinton akashtakiwa bungeni kwa kudanganya chini ya kiapo kuhusu uhusiano huo na kuzuia haki, yale ya bosi na kijana wa kazi hayakuwemo kwenye mashtaka, Februari 1999 Seneti ikamwachia akamaliza muhula wake vizuri tu.

Na usiniletee habari za chama. Democrats, chama chake Clinton, walimkingia kifua, seneta wao Gillibrand alikuja kusema alipaswa kujiuzulu ikiwa ni 2017, jamaa hana tena cha kuwapa. Republicans, wapinzani wake, nao walihubiri maadili, kumbe mbunge wao Dennis Hastert aliyepiga kura Clinton ashtakiwe, akawa spika 1999, alikuwa na yake: 2016 akahukumiwa miezi 15 kwa kesi ya kutoa hela benki kwa kukwepa sheria, hela za kumnyamazisha mtu, na mbele ya jaji akakiri aliwanyanyasa vijana enzi akiwa kocha wao wa mieleka. Wanaoumizwa wanakumbukwa pale tu wanapofaa kumpiga mpinzani, jamani hii inauma.

Juni 2018 Clinton akaulizwa kwenye TV kama anadaiwa msamaha na Lewinsky, ana kwa ana. Akasema hapana, alishaomba hadharani. Mi nasema anadaiwa, tena mpaka leo.