Mwalimu Alikuwa Kwenye Feri

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia kwamba nilijificha chini ya meza, naomba niseme mwenyewe, kwa usemi halisi: nilikuwa nyuma ya pazia.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba Jumamosi huwafundisha watoto Kiingereza katika chumba changu cha kupanga, Majengo. Somo lilikuwa usemi wa taarifa: "am" huwa "was", "will" huwa "would", "I" huwa "he" au "she" kutegemea msemaji, na "tomorrow" huwa "the following day". Ili wazoee, niliwaamuru wageuze kila neno litakalosemwa chumbani humo. Simu ikalia. Alikuwa mwenye nyumba, nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyebanwa na abiria: "Mzee, niko kwenye feri ya Likoni, kesho nitalipa."

Kumbe alikuwa akipiga kutoka ngazini.

Aliposema hodi, nikarukia nyuma ya pazia. Pazia hilo, msicheke kwanza, huishia magotini, kwa hiyo kandambili zangu za bluu zilibaki zikitazamana na mgeni. Mzee huyo ni karani mstaafu wa bandarini, wala hana haraka. Alizitazama kandambili, akawatazama watoto, kisha akauliza kwa upole mwalimu yuko wapi. Mwanafunzi wangu bora, ambaye nimemsifu mara nyingi mbele ya mamake, alisimama, akanyoosha sare, akatamka pole pole, neno baada ya neno: "Teacher said that he was on the ferry and that he would pay the following day."

Kimya. Nami kule pazani, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimsahihisha: kiwakilishi sawa, vitenzi sawa, wakati sawa.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema mzee. "Na hiyo 'following day' huhesabiwa kuanzia lini? Maana naisikia tangu mwezi uliopita." Kisha akaligeukia pazia: "Shuka feri, ulipe kabla ya magharibi."

Nilitoka, nikaomba radhi, nikamkopa shemeji, nikalipa. Lakini mzee hajafika hata chini ya ngazi, mkono ukainuliwa nyuma ya darasa, maana sikuwa nimeifuta amri yangu: "The landlord told Teacher to get off the ferry and pay before sunset." Kugeuza amri kwa kutumia "to" na kitenzi lilikuwa somo la wiki ijayo.