Mtu wa Ostrava

Nilipokwenda Praha, mji mkuu wa Ucheki, kusoma, nilikuwa nimemaliza mwaka mzima na Kicheki sanifu, kile cha vitabuni, bila kujua kwamba wenyeji hawakizungumzi majumbani mwao. Mkate niliofundishwa kuuita "dobrý", yaani mzuri, muuzaji aliusifu kuwa "dobrej", na "okno", yaani dirisha, mtaani lilikuwa "vokno". Wenyeji siwalaumu: sarufi ya Josef Dobrovský ya mwaka 1809, iliyoufanya usanifu huo ukubalike, iliegemea maandishi ya karne ya 16, ilhali vinywa vya watu wa Bohemia, upande wa nchi ilipo Praha, vilikuwa vimeshakwenda zao.

Basi nikatafuta chumba cha kupanga kwa simu, nikiwa na mbinu moja tu: nisiloelewa, nalijibu "ano", yaani ndiyo. Bibi mwenye nyumba alinisikiliza kidogo, sauti yake ikachangamka ghafla, akaniuliza jambo ambalo ndani yake nilinasa neno Ostrava, jina la mji mwingine wa Ucheki. Nikajibu "ano". Akauliza tena kwa furaha zaidi, nami nikasisitiza; chumba nikapewa papo hapo, bila hata kutajiwa amana.

Jioni nilibisha hodi. Bibi alifungua akiwa na sahani ya koláče, vile vimikate vya mviringo vyenye jamu katikati, akanitazama, kisha akachungulia ngazi zilizokuwa nyuma yangu.

"Namsubiri mtu wa Ostrava," alisema.

Nilipomjibu kwa unyonge kwamba ndiye mimi, sahani iliinama, vimikate viwili vikaangukia ndara za wageni.

Mumewe, mzaliwa wa Praha, alicheka hadi akaketi. Ndipo nikaelezwa kwamba Wacheki huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, isipokuwa watu wa pande za Ostrava, kule karibu na Poland, ambao huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuzikata irabu ndefu, hata wenzao huwatania kwamba wana mdomo mfupi wa ndege. Nami nilikuwa nimetamka "děkuji", yaani asante, kwa mkazo wa katikati, kama Mswahili yeyote atamkavyo "karibu", na irabu ndefu sikuigusa hata moja. Bibi wa watu, aliyechoshwa na miaka mingi ya "vokno", alidhani amepata mtoto wa nyumbani.

Chumba sikunyang'anywa. Ila wiki iliyofuata, mwalimu wa Kicheki aliponikata alama za matamshi, nilimweleza kwa heshima zote kwamba sisi watu wa Ostrava ndivyo tunavyozungumza.