Seva za Nusu Nauli

Bosi aliingia na bili ya klaudi, yaani zile seva tunazokodi mtandaoni, mkononi, ameikunja kama risiti ya hospitali. "Kijana, hizi dola tunalipia nini?"

Nikajiona mtaalamu. "Niachie wiki moja, mkuu."

Kuna mashine za bei chee ambazo wenye klaudi huzikodisha zikiwa zimekaa bure. Punguzo linaweza kufika asilimia 90. Ila hapo wewe ni denti kwenye daladala: umetulia zako dirishani, akipanda mwenye nauli kamili, konda anakuinua. Kwetu ilani ilikuwa dakika mbili.

Sikuogopa. Kanzidata yetu ya Cassandra ilikuwa na nakala tatu za kila rekodi, na zikijibu mbili kazi inaendelea. Moja ikifa, mteja hana habari. Kilichoniponza ni tamaa. Nakala zilikaa kanda tatu tofauti, yaani vituo vya seva vilivyotengana, kila gigabaiti inayovuka kanda inalipiwa, na sisi tulikuwa tunavusha matrilioni ya baiti. Nikazihamishia zote kanda moja. Tena mashine zote za aina moja, zipendeze kwenye jedwali.

Bili ikashuka. Bosi akaninunulia soda.

Ijumaa saa saba na nusu mchana niko kwa muuza chipsi. Nimeshamwagia chipsi mayai pilipili, nasubiri kachumbari, dada wa huduma kwa wateja akapiga.

"Kaka, mfumo unazunguka tu."

"Haiwezekani. Tuna nakala tatu."

"Basi zinazunguka zote tatu."

Wenye nauli kamili walikuwa wamezitaka mashine za aina ileile, kanda ileile, na konda alikuwa ameinua madenti wote kwa mpigo. Na diski zilikuwa za humohumo ndani ya mashine, kwa hiyo waliposhuka, walishuka na mabegi yao, yaani data zetu. Na kengele ya tahadhari, niliyoitengeneza kwa mikono yangu, mbona haikulia? Kumbe kabla ya kulia huandika kwanza kumbukumbu. Kwenye kanzidata ileile.

Chelezo, ile nakala ya akiba inayowekwa pembeni, ya usiku wa kuamkia Ijumaa ilikuwepo, Mungu mwema, ila kuirudisha kulitufikisha Jumapili alfajiri. Miamala ya asubuhi tuliwaomba wateja watukumbushe, mmoja mmoja, kwa adabu zote. Chipsi alikula mlinzi.

Mwisho wa mwezi mhasibu, aliyekuwa likizo na hajasikia lolote, akanitumia ujumbe: "Hongera mdogo wangu, Ijumaa ile umetumia hela kidogo kuliko siku zote. Hebu fanya hivyohivyo kila siku."