Mzazi anayeridhia utafiti hajamtoa mwanawe kafara

Mzazi akikubali mwanawe aingizwe kwenye utafiti wa tiba, maneno huanza papo hapo: kamfanya mtoto panya wa majaribio, au kahongwa. Lawama hiyo ina mizizi. Mwaka 1996 mjini Kano, Nigeria, watoto wapatao 200 wenye homa ya uti wa mgongo waliingizwa kwenye jaribio la kampuni ya Pfizer lililolinganisha dawa ya Trovan na nyingine. Watoto 11 walifariki, na wazazi walisema hawakuelezwa kuwa lile lilikuwa jaribio. Anayekataa kwa kuikumbuka Kano si mjinga.

Ila wanaomlaumu anayekubali hudhani kwamba nje ya utafiti kuna tiba ya uhakika. Mara nyingi haipo. Dawa nyingi hazikuwahi kupimwa kwa watoto. Daktari huchukua dozi ya mtu mzima akaipunguza kulingana na kilo.

Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, unalionyesha hili waziwazi. Watoto 3,141 wenye homa kali, ambao damu yao haikuwa ikizunguka vizuri, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitiwa dripu ya kasi, kama madaktari wa nchi tajiri walivyozoea, wengine hawakutiwa. Wengi walitarajia dripu iokoe. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa: ndani ya saa 48, waliotiwa dripu ya kasi walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, wasiotiwa 7.

Tofauti hiyo, watoto watatu katika kila mia, inakata kuwili, na sioni haki kuficha upande mmoja. Wapo waliokufa kwa dripu ambayo huenda wasingetiwa kama mzazi angekataa. Kumwambia mama huyo kwamba sayansi imenufaika hakumpunguzii kitu. Lakini bila watoto hao, dripu ile ingeendelea kusifiwa na kusambazwa wodi hadi wodi, na hao watatu wangekufa kila mahali bila yeyote kujua kilichowaua. Mzazi aliyekubali hakumtoa mwanawe kwenye usalama akampeleka hatarini. Hatari ilikuwepo tayari, haijapimwa tu.

Kwa hiyo lawama ielekezwe kwa mtafiti anayeharakisha ridhaa. Mtoto akihema kwa shida, mzazi hasikii kurasa kumi za fomu. Aelezwe kwa ufupi na kwa lugha yake, aambiwe anaweza kumtoa mtoto wakati wowote na matibabu yakaendelea, kisha aelezwe upya hali ikitulia. Na matokeo yakipatikana, afuatwe aambiwe, hasa kama ni mabaya.