Madumu mawili, mita 240

Aliyewahi kuchota maji mtaa wa pili akarudi na madumu mawili ya lita 20 anajua kuwa vidole huachia kabla pumzi haijakata. Mshikio unakata kiganja, unatua, unapuliza mikono, unabeba tena, na nyumbani bado hata paa hulioni.

Kwa hiyo nimewaelewa Waingereza. Tangu 2019, askari wao wa miguu hupimwa kwa kazi yenyewe: madumu mawili ya maji, kila moja kilo 22, mita 240 ndani ya dakika 4. Kuna mifuko ya kilo 20 ya kunyanyua na kubeba mara 20, na kuna “majeruhi” wa kilo 110 wa kuburuta mita 20. Kiwango ni kimoja kwa mwanamke na mwanamume, kijana na mwenye mvi. Mimi nakubaliana nao. Dumu halimpunguzii mtu maji kwa sababu ya umri.

Wamarekani walikaa miaka 40, tangu 1980, wakipima pushapu, mazoezi ya tumbo na mbio za maili mbili. Kijana mwepesi alizoa alama zote, kisha anapelekwa kwenye mzinga wa milimita 155 ambao risasi yake moja inapita kilo 40. Akaishika ya kumi, hapo ndipo mgongo unapojibu. Siku hizi wameongeza kunyanyua vyuma na kuburuta mizigo. Wamechelewa, lakini haya.

Ninachowalaumu wote ni kwamba anayepimwa kila siku ni mtu, mzigo haupimwi kama umemzidi. Sisi tunalo soko zima lenye jina la kosa hilo. Kariakoo ya Dar es Salaam ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu, wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliobebeshwa chakula na risasi za Waingereza porini. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na homa, wakiwa hawajarushiwa hata risasi moja.

Pale Barabara ya Samora, jijini humo humo, sanamu ya Askari imeshika bunduki yake. Mpagazi kaachiwa soko, na humo asubuhi hii kuna kijana kainama anapandishiwa lumbesa mgongoni, mwenye gunia akimuuliza kama amekula.