Baruti relini: tukague safari au kusimama?

Jioni ya Novemba 11, 1977, behewa moja lililipuka katika stesheni ya Iri, kusini-magharibi mwa Korea Kusini. Lilikuwa limebeba takriban tani 30 za baruti, naitreti ya amonia na detoneta (vifaa vidogo vya kuwashia mlipuko), vyote humo humo, kutoka Incheon kwenda Gwangju. Watu 59 walikufa, zaidi ya 1,300 walijeruhiwa, na maelfu walibaki bila makazi. Mlinzi aliyefuatana na mzigo huo alikuwa amekunywa, akawasha mshumaa ndani ya behewa, akalala, na moto ukashika maboksi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Mtu anayewasha mshumaa juu ya boksi la baruti hana utetezi, na simtafutii. Swali linalonisumbua kila ninapousoma mkasa huu ni jingine: behewa lile lilikuwa linangoja nini Iri? Liliingia usiku wa kuamkia siku ile. Kanuni za reli zilitaka mzigo wa aina hiyo upitishwe bila kucheleweshwa. Badala yake ulilala yadini, yaani kwenye uwanja wa kupangia mabehewa, karibu siku nzima, katikati ya mji, na ilidaiwa baadaye kwamba wafanyakazi wa yadi walizoea kupewa chochote ndipo mabehewa yasogezwe. Mshumaa uliwashwa ndani ya behewa ambalo, kwa mujibu wa kanuni, lilipaswa kuwa limeshaondoka.

Nauanza uchambuzi huu hapo kwa sababu mjadala wa kusafirisha vilipuzi kwa reli kwa kawaida hugawanyika pande mbili, na zote mbili hulipita jambo hili haraka.

Upande wa kwanza unasema vilipuzi visipite kwa treni katikati ya miji. Hoja yao ina uzito. Lori hubeba tani kadhaa. Treni hubeba mara nyingi zaidi, na kinacholipuka kwanza huweza kulipua cha jirani. Juni 4, 1988, huko Arzamas, Urusi ya enzi za Kisovieti, mabehewa matatu yenye takriban tani 120 za vilipuzi yalilipuka karibu na makutano ya reli na barabara. Watu 91 walikufa, na mitaa iliyokuwa jirani ikafagiliwa. Tena reli haikwepeki: miji mingi ilikua kuizunguka stesheni, kwa hiyo njia kuu ya mizigo ndiyo inayopita kwenye soko, shule na nyumba za watu. Dereva wa lori anaweza kuelekezwa barabara ya nje ya mji. Treni hupita palipotandikwa reli.

Upande wa pili, ambao ni wa kampuni za reli na wataalamu wengi wa usalama, unajibu kwamba ukiuondoa mzigo huo relini haupotei, unahamia barabarani. Barabarani kuna bodaboda, mabasi, madereva waliochoka na vijiji vilivyojipanga kando ya lami. Mfano wao mkali zaidi kwa Afrika ni wa Apiate, Ghana, Januari 20, 2022: lori lililokuwa likipeleka vilipuzi kwenye mgodi wa dhahabu liligongana na pikipiki, moto ukawaka, na mlipuko ukakiangusha karibu kijiji kizima. Watu wasiopungua 13 walikufa. Kwenye reli hakuna pikipiki inayochomoka ghafla kutoka uchochoroni, na mabehewa hukaguliwa kabla ya kupakiwa na watu wanaojulikana kwa majina na sahihi zao.

Kwa hoja ya jumla nauunga mkono upande wa pili. Treni inayotembea ni chombo salama kuliko lori. Lakini neno la kushika hapo ni "inayotembea", na historia yenyewe inaonyesha kwa nini.

Angalia Roseville, California, Aprili 28, 1973. Treni ya mabomu ya jeshi la Marekani, mabehewa 21, ilikuwa imeingia yadini ikielekea ghala la silaha la Concord, mabomu yakingojewa kwa ajili ya vita vya Vietnam. Moshi ukaonekana, na muda mfupi baadaye milipuko ikaanza, ikaendelea kwa saa nyingi. Hakuna aliyekufa kwa kuwa watu waliwahi kuondolewa, ingawa mamia walijeruhiwa na nyumba nyingi ziliharibika. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba breki zilishika moto njiani na cheche zikaingia kwenye sakafu ya mbao. Kosa lilizaliwa safarini, likakomaa treni ilipopumzika. Kutokana na mikasa ya mwaka ule kanuni ziliongezewa meno: behewa la sakafu ya mbao linalobeba vilipuzi vikali sharti liwe na kinga ya cheche juu ya magurudumu, na hati ya ukaguzi ibandikwe nje.

Hizo ni kanuni nzuri. Nazo zina asili inayofaa kukumbukwa, maana si serikali iliyoanza. Mei 11, 1905, karibu na Harrisburg, Pennsylvania, treni ya abiria iligonga mabehewa ya mizigo yaliyokuwa yameangukia njia yake, na behewa la baruti likalipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Miaka miwili baadaye kampuni za reli zenyewe ziliunda ofisi ya pamoja ya usalama wa vilipuzi, na mkaguzi wake mkuu akawa Beverly W. Dunn, afisa wa jeshi aliyevijua vilipuzi kwa kuvitengeneza. Sheria ya serikali ilifuata mwaka 1908. Wanaoamini kwamba mwenye biashara hawezi kujiwekea mipaka wanapaswa kuupima mfano huu kwa haki: wafanyabiashara walitangulia, na waliajiri mtu aliyejua kazi.

Ila mwenye biashara hujiwekea mipaka kwa urahisi pale ambapo mipaka haigusi ratiba yake. Kubadilisha sakafu na kubandika hati ni gharama ya mara moja. Kuamuru behewa moja lipewe injini na njia kabla ya mabehewa mengine mia ni gharama ya kila siku. Hapo ndipo kanuni zinapolegea. Soma kanuni ya Marekani inayotumika sasa: mzigo wa hatari unapaswa kusogezwa ndani ya saa 48 tangu kupokelewa, na hesabu huanza upya kwenye kila yadi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kwa hiyo behewa likiingia yadini Ijumaa saa 12 jioni, linaweza kukaa hadi Jumanne saa 12 jioni bila sheria kuvunjwa. Jumatatu ikiwa sikukuu, hadi Jumatano. Siku ambazo hazihesabiwi ndizo siku ambazo yadi ina wafanyakazi wachache na familia zimejaa majumbani.

Watetezi wa kanuni hiyo watasema, na ni kweli, kwamba kulazimisha mwendo wa haraka kuna hatari zake: wafanyakazi waliochoka, mabehewa yakipangwa kwa pupa usiku, ukaguzi wa breki ukirukwa. Nakubali. Ndiyo maana sidai muda ufupishwe tu. Ninachodai ni mzigo wa vilipuzi usiruhusiwe kuondoka unakotoka mpaka njia yote iwe imepangwa, injini ya kuupokea ikiwa imetajwa katika kila yadi. Kikisubiriwa kitu, kisubiriwe kwa mtumaji, kwenye ghala lililojengwa mbali na watu. Mlinzi wa Iri asingekuwa na usiku wa kuutafutia mwanga.

Kuhusu njia, Washington, mji mkuu wa Marekani, ilijaribu dawa kali zaidi. Mwaka 2005 baraza la jiji lilipiga marufuku treni zenye gesi za sumu na vilipuzi vikali kupita karibu na jengo la Bunge. Kampuni ya reli ya CSX ilikwenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ikaagiza marufuku hiyo isitekelezwe, ikiona kwamba usalama wa reli ni jambo la serikali kuu. Wakazi walihisi wamenyang'anywa haki ya kujilinda. Hata hivyo fikiria kila mji ukijitungia marufuku yake: mzigo ungeishia kuzungushwa kwenye miji maskini isiyo na mawakili, ukitembea kilomita nyingi zaidi na kusimama kwenye yadi nyingi zaidi. Mahakama ilikuwa sahihi, kwa maoni yangu, japo ilichoacha hakikutosha. Mwaka 2008 serikali kuu iliagiza kampuni zipime njia zao kwa vigezo 27, idadi ya watu ikiwemo, na kuchagua iliyo salama zaidi. Ni hatua kubwa. Lakini majibu ya vipimo hivyo ni siri ya usalama, na kampuni inajipimia yenyewe.

Siri hiyo ndiyo ngumu kuipima kuliko yote. Ukitangaza treni ya baruti inapita lini, umemwambia pia mwizi na mwenye nia mbaya. Usipotangaza, zimamoto wanafika hawajui wanachokizima. Mwaka 1944, Juni 2, huko Soham, Uingereza, behewa la kwanza la treni ya mabomu lilishika moto. Dereva Benjamin Gimbert alimwagiza msaidizi wake James Nightall alikate kutoka kwenye mengine 50, wakalivuta mita zipatazo 130 kabla halijalipuka. Nightall alikufa papo hapo na mtoa ishara Frank Bridges baadaye kwa majeraha, lakini mengine yote hayakulipuka na mji ulibaki. Waliweza kwa sababu walijua walichobeba. Wakazi wa Dar es Salaam waliokimbia na watoto mgongoni wakati maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 wanajua upande wa pili wa jambo hilo: kukimbia bila kujua unakimbia nini, wala uelekee wapi.

Ratiba kamili ibaki siri, sina ugomvi nayo. Ila mkuu wa stesheni, kituo cha zimamoto na hospitali ya kila mji wenye yadi inakosimama treni ya vilipuzi wapewe taarifa kabla haijafika: ni nini, ni kiasi gani, na inaondoka saa ngapi. Saa hiyo ikipita behewa lingali pale, awajibishwe kwanza aliyelipangia njia, ndipo afuate mlinzi aliyelala ndani yake.