Steji ianze kitandani, MRI baadaye

Mwaka juzi mamdogo alipopatikana na saratani ya mlango wa kizazi, jibu la kile kinyama kilichokatwa kupimwa liko mkononi, aliambiwa kitu kimoja tu: nenda Mombasa ukapige MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku, ndio tujue iko steji gani, yaani imeenea mpaka wapi. Hata kitandani hakupandishwa achunguzwe kwa mkono. Sasa sisi wa Lamu si kama watu wa Malindi, wao matatu asubuhi na jioni mtu yuko kwake, sisi ni boti mpaka Mokowe halafu basi halafu utafute wa kukulaza. Tukachanga, haikutosha, akauza bangili, miezi miwili na ushei ikakatika. Siku anarudi namuona ndani ya boti kaifunga ile bahasha kubwa ya picha kwa leso mbili isirushiwe maji, kaikumbatia kama kitoto kichanga.

Na ikasema nini? Figo moja imefura, njia ya mkojo imezibwa na uvimbe. Basi hilo peke yake linakufikisha steji ya 3B, na altrasaundi ya kawaida, hii wanayopimiwa waja wazito hapa hapa kisiwani, ingelionyesha kabla chai haijapoa.

(Halafu shirika la dunia la madaktari wa uzazi linalopanga hizi steji linaitwa FIGO, wallahi mwanzo nilidhani naambiwa habari za figo zile zile.)

Hao FIGO kwa miaka mingi walipanga steji kwa uchunguzi wa daktari: kile chombo cha kufungulia uke, kidole mbele na nyuma kusikiliza kama uvimbe umetoka kwenye mlango ukashika pembeni, pamoja na vitu kama eksirei ya kifua. 2018 wakabadilisha, picha na majibu ya maabara yakaruhusiwa kuhesabiwa, na saratani ikiingia kwenye tezi za nyonga ikawa 3C. Wengine wakaelewa hapo kwamba bila MRI hakuna steji, wakati wenyewe walisema tumia ulichonacho, altrasaundi imo, na uandike umejuaje. Na altrasaundi ya kuingizwa ndani, mpimaji akiwa kafunzwa sawasawa, kwa kuona uvimbe umeenea wapi haiachwi mbali na MRI.

Mkono unakosea, sikatai, tezi za ndani hauzifikii. Msichana mwenye uvimbe chini ya sentimita 2 na bado anataka kuzaa, huyo apelekwe MRI hata kwa kukopa maana kuna cha kuamuliwa pale, akatwe kiasi gani. Lakini ambaye uvimbe ushashika ukuta wa nyonga, tiba yake ni miale na kemo, sasa unamweka foleni miezi kwa ajili gani? Na si wachache: Kenya makadirio ya 2020 ni wagonjwa wapya wa saratani hii 5,236 na vifo 3,211.

Mimi ningeambiwa nichague ningefunza nesi wa kike na mtu wa altrasaundi kila hospitali ya huku. Wa kike nasema makusudi, wanawake wetu wengi wakiona ni daktari mwanamume wanarudi nyumbani na shela zao hawaonekani tena.

Mamdogo alipofika kwa daktari wa miale akaitoa bahasha yake, leso na yote. Daktari akaiweka kando. "Mama, panda kitandani kwanza nikuchunguze."